Aliyezikwa kwa Yago

Kuku ndio waliojua kwanza. Aloo aliwamwagia maji kwenye kigae asubuhi kama kawaida, wakakimbilia, wakainamisha vichwa, kisha wakasimama. Jogoo akakitazama kigae kwa jicho moja, akakitazama kwa jicho la pili, akaenda zake. Siku nzima ile ya Machi, jua likichoma mabati mpaka yanalia, kuku saba walikaa chini ya ghala midomo wazi, na maji yako pale pale.

"Kuku wako wameokoka," mumewe Oyugi akasema. "Wanafunga na kuomba."

"Basi onja wewe."

Oyugi akachota kwa kiganja, akanusa, akamwaga. "Ni mto tu."

Haukuwa mto tena, hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Miaka mitatu nyuma, mradi wa mpunga ulijenga ukuta wa zege kukatiza mto Sondu, mwendo wa saa moja kwa mguu chini ya mji. Pale mto ulipokuwa ukishuka juu ya mawe makubwa ukipiga povu na kelele, ulisimama. Ukawa bwawa la kijani, pana kuliko uwanja wa mpira, na mawe yote yakazama ndani yake. Oyugi aliajiriwa kulinda ukuta. Kazi yake ilikuwa kuzungusha usukani wa chuma ili maji yaingie kwenye mfereji wa mpunga. Kulikuwa na lango la pili, chini kabisa ya ukuta, la kutolea matope. Hilo halikuwahi kufunguliwa hata siku moja. Wenye mradi walisema likifunguliwa bwawa litashuka na mpunga utakauka.

Kila mwezi alikuja mama mmoja fundi wa kupima maji kutoka Kisumu, jina lake Wangechi, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya jua na mashine ndogo yenye waya mrefu. Alitumbukiza waya, akasoma, akaandika. Siku ile ya kuku Oyugi alimfuata ukutani, Aloo nyuma yake na mtoto wao Aoko mgongoni.

"Madam, leo umeona nini?"

"Chini kabisa hakuna hewa, Baba Aoko. Sifuri." Wangechi alivuta waya, na ncha yake ilitoka nyeusi. "Miti na majani mliyofunika yanaoza huko. Hiyo harufu ya yai viza ndiyo hiyo. Msinywe haya maji."

"Na samaki?"

"Upande wa juu wa ukuta nimepata kamongo na mumi peke yake. Hao wanajua kupanda juu kuvuta hewa ya Mungu. Ningu hakuna hata mmoja."

"Ningu watakuja na mvua. Kila mwaka wanatoka ziwani, wanapanda mto kutaga."

"Watapandia wapi?"

Oyugi akaonyesha pembeni mwa ukuta. Hapo mradi ulijenga ngazi ya samaki, vidato vya saruji vyenye matundu ya kupitia, ili samaki waruke kidato kwa kidato mpaka juu. Lakini fundi aliipima vibaya, ikawa juu ya maji. Ilikuwa kavu, nyasi zimeota.

"Hiyo mmewajengea mbuzi," Wangechi akasema, na wote wakacheka, hata mtoto.

Mvua zilikuja Aprili. Na ningu wakaja nazo, maelfu, wengi kuliko miaka yote ya ukuta, matumbo yamejaa mayai, wakajikusanya chini ya ukuta wakitafuta njia ambayo mama zao na mama wa mama zao waliipita. Wakaruka. Zege likawapiga. Wakaanguka, wakarudi nyuma, wakaruka tena, mpaka pua zao zikabapa na damu ikachora ukuta kama mtu aliyepaka rangi kwa ufagio. Watu walishuka na vikapu, na mabeseni, na mashuka ya vitanda. Kijiji kizima kikanuka samaki wa kukaanga.

Mama Dorca, mamake Oyugi, peke yake hakula.

"Samaki mwenye mimba anajiua mlangoni kwako, halafu unamtia chumvi?" alimwambia Aloo. "Nyathina, mwanangu, yale mawe yaliyozama yalikuwa na mwenyewe. Tukiwa wasichana tulikuwa tunamsalimu kabla ya kuteka maji. Mmemlaza kwenye uozo na hakuna aliyemwuliza."

"Mama, hayo ni mambo ya kale."

"Njaa pia ni ya kale, na bado unaisikia."

Siku ya tano ya ningu, kabla ya jua kutoka, Oyugi alikwenda kutazama wavu wa vyuma wa mdomo wa mfereji kama umezibwa na magogo. Hakurudi. Aloo alikuta gambuti zake mbili juu ya ukuta, zimesimama sawasawa, ncha zikielekea bwawani, na kila moja imejaa maji mpaka ukingoni.

Walitafuta siku nane. Wapiga mbizi waliletwa kutoka ziwani. Wa kwanza alitoka akitapika, akasema huko chini haoni mkono wake, na kuna kitu kinamvuta nywele taratibu, kama mama anayemsuka mtoto. Mama Dorca aliwasihi wenye mradi wafungue lango la chini, maji yashuke, amwone mwanawe. Mkubwa wao alijibu kwa simu kwamba mpunga uko kwenye kitalu, na kwamba anawapa pole nyingi.

Sasa, Wajaluo wana desturi yao kwa mtu aliyepotea majini asionekane. Hukata tunda la mwegea, lile refu zito kama mtoto wa mwaka mmoja, ambalo wao huliita yago, wakalifunga sanda, wakalizika mahali pa mwili. Yago likishafunikwa udongo, mtu huyo amezikwa. Jina lake limefungwa. Ndiyo sababu wazee hawakimbilii kufanya hivyo. Hungoja mpaka kila mlango umebishwa.

Aliyekimbilia ni Aloo. Wageni wa msiba walikuwa wamejaa boma, mtoto ana homa, yeye hajalala siku nane, na kila alipofumba macho aliona gambuti. Alitoka nje akasema kwa sauti ambayo hakuijua, "Tuzike yago. Nimechoka kungoja mto."

"Lango halijafunguliwa," Mama Dorca akasema. "Hatujamtafuta. Tumetazama juu ya maji tu."

"Mama, tafadhali."

Wazee walitazamana. Mjane ndiye aliyesema. Walizika yago Ijumaa, kulia kwa nyumba, na Mama Dorca hakutupa udongo.

*

Wiki tatu baadaye, saa sita mchana, Aloo alikuwa akifua. Mama Dorca alikuwa ameenda sokoni Sondu. Upepo ulikuwa umekufa. Alisikia harufu kwanza, ile ya yai viza, akadhani ni maji ya beseni. Kisha akainua macho.

Oyugi alikuwa amesimama nje ya ua, si kwenye lango bali mahali ambapo miti ya ua imeachana. Alikuwa na shati lile lile la asubuhi ile. Alikuwa amelowa chapachapa, na hakukuwa na mvua.

"Min Aoko," akamwita kwa Kijaluo, Mama Aoko.

Mtu aliyezikwa kwa yago akirudi, haingii. Husimama nje hata kama ni siku mbili, mpaka wazee waje, yago lifukuliwe, lichomwe, kondoo achinjwe, ndipo apewe mkono na kuitwa ndani kwa jina lake. Mtoto yeyote wa Kijaluo anajua hivyo. Aloo pia alijua. Lakini moyo una miguu yake. Alikimbia na mapovu ya sabuni mikononi, akaingiza mkono kwenye ile nafasi ya ua, akamshika, akamvuta, akilia na kucheka, "Ingia, wuon Aoko, baba Aoko, ingia nyumbani kwako."

Mkono ulikuwa baridi na unateleza. Haukumshika, ulishikwa tu. Na alipopita karibu yake, Aloo aliona kwamba pua ya mumewe ilikuwa imebapa.

Hakula ugali. Alikunywa. Alikunywa mtungi wa lita ishirini akiwa amesimama, bila kumeza, maji yakishuka tu kama kwenye bomba. Alipoulizwa alikuwa wapi, alisema, "Chini." Alipoulizwa chini wapi, alimtazama Aloo kwa macho yasiyopepesa.

Mama Dorca aliporudi jioni, aliweka kikapu chini polepole. Hakusogea mlangoni.

"Nani alimshika mkono?" akanong'ona.

"Mimi."

"Yago bado liko chini?"

"Ndiyo, Mama."

"Mayo! Ole wetu," Mama Dorca akasema. "Huyo si mwanangu. Mwanangu akiniona hunicheka kwa sababu ya kofia yangu hii. Usimwache peke yake na mtoto. Na usimwonyeshe kwamba unajua."

Alfajiri Aloo aliamshwa na mtikisiko. Nyumba ilikuwa ya udongo na saruji, na vumbi lilikuwa likimwagika kutoka darini. Oyugi alikuwa uchi sebuleni, mdomo wazi kama samaki aliyekosa hewa, akirudi nyuma hatua tatu, akijirusha, akiugonga ukuta kwa uso. Ule ukuta ulioelekea upande wa juu wa mto. Akarudi nyuma. Akajirusha. Mfupa ulilia. Damu haikutoka, yalitoka maji meusi, yakichuruzika kifuani. Mbwa wao, Simba, aliingia akibweka. Yule mtu alimshika taya la juu kwa mkono mmoja na la chini kwa mwingine, akamfungua kama unavyofungua begi, akatupa vipande viwili, akarudi kwenye ukuta wake. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Majirani walikuja. Ondiek, mchoma matofali, mwanamume wa kubeba magunia mawili, alimshika kwa nyuma akisema, "Bwana Oyugi, tulia, tulia ndugu." Alipigwa ngumi moja. Taya lake lilihama kutoka upande huu wa uso kwenda upande ule, na meno yake watoto waliyaokota kwenye kahawa iliyoanikwa. Baada ya hapo majirani walitazama wakiwa nyuma ya ua.

Wangechi naye, maskini, hakuwa amesikia lolote. Alikuja siku ya tatu kupima maji yake, akiimba peke yake ukutani, kofia kichwani. Yule mtu alitoka nyumbani kwa Aloo mchana kweupe, akatembea mpaka kwake. Labda ni ule waya unaoshuka chini uliomchokoza, kwa maana aliushika kwanza, akauvuta, akamvuta mwenye waya, akamwinua kwa mguu mama mnene vile kama mtu anavyoinua kuku, akampiga kwenye zege mara moja, mara mbili, mara tatu, mguu ukivunjika mahali papya kila mara, kisha akamwachilia na kurudi nyumbani kukaa kwenye kiti.

Aloo na Mama Dorca walimfikia. Walipomfunga mguu kwa leso na mbao, akingoja gari la kumpeleka Kisumu, Wangechi alimshika Aloo kwenye ukosi wa nguo.

"Mama Aoko. Lango la chini. Uchafu wote umelala hapo. Kila kitu kibaya kimelala hapo. Niliwaandikia mara ngapi? Fungueni lango la chini." Akazimia.

Jioni hiyo Aloo alitoka mara moja tu kuchukua kuni, na alipoingia ndani alimkuta yule mtu amepiga magoti mbele ya Aoko. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, amekaa kwenye mkeka na kijiko chake. Vidole vya yule mtu, vyenye utelezi, vilikuwa vikimpima mtoto, upana wa kichwa, upana wa mabega, taratibu, kwa shibri, kama fundi nguo.

"Unafanya nini?" Aloo akauliza, na sauti yake ikawa ndogo kuliko ya mtoto.

"Matundu ya ngazi ni membamba," kitu kikasema kwa mdomo wa Oyugi. "Mimi siwezi. Huyu atapita."

"Atapita wapi?"

"Juu. Nikiingia ndani yake, atanipitisha. Mvua bado ziko. Tumbo limejaa."

Aloo alimwinua mtoto, akasema anamwogesha, akatoka akitembea. Alipofika nyuma ya choo alikimbia. Wakalala kwa Ondiek, na asubuhi Mama Dorca akaleta Adongo.

Adongo alikuwa mwombeaji wa kanisa la Roho, mwanamke mrefu mkavu, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, ngoma begani. Alikuwa amewatoa watu mapepo Sondu, Ahero, mpaka Kondele mjini. Alisimama kwenye lango la boma akanusa.

"Nani alizika?" akauliza.

"Mimi niliomba," Aloo akasema.

"Nani aliingiza?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayetoa. Mimi nitapiga ngoma tu. Mtoto yuko wapi?"

"Kwa Ondiek, amefungiwa."

Adongo alipiga ngoma akiingia, akiimba kwa sauti nyembamba kali, na kitu kikatoka mlangoni kumlaki, kikasimama juani, maji yakichuruzika kila mahali.

"Wewe ni nani?" Adongo akauliza.

"Nina mawe. Nilikuwa na mawe. Maji yalikuwa yakipiga, yakicheka, yakipumua. Mkayalaza juu yangu yakafa. Wanangu wakaja mkawapiga kwa zege, mkawala na mayai yao."

"Mtu huyu alikukosea nini?"

"Nilimchukua nimshike tu, mpaka waje kumdai. Nilijua watafungua maji wamtafute. Mtu hutafutwa. Nikangoja." Macho yasiyopepesa yakamgeukia Aloo. "Hamkufungua. Mkazika. Aliyezikwa hana mwenyewe. Nguo isiyo na mwenyewe, nikaivaa."

Aloo alihisi maneno hayo yakiingia mahali ambapo hayatatoka.

"Kwa jina la Ruoth, Bwana Mungu..." Adongo akaanza. Kitu kilimfikia kwa hatua moja. Kilipasua ngoma kwa goti, kikashika mkono uliokuwa ukipiga, kikauvunja kwenye kiwiko, kikauvunja tena kwenye bega, kwa sauti ya muwa. Kisha kikainua pua yake iliyobapa, kikanusa upepo, kikaelekea kwa Ondiek. Mlango wa chuma wa Ondiek kiliung'oa kikapita nao. Ondiek mwenye taya lililofungwa kitambaa alitoka na shoka, na shoka likarudi likiwa limekwama begani mwake mwenyewe. Na mtoto akalia, mara moja, "Mama!"

"Yago!" Adongo alikuwa akipiga yowe chini, kanzu imekuwa nyekundu. "Fukueni yago! Mpaka litoke, hakuna panga la kumkata! Yeye ni marehemu, nani anaua marehemu? Fukueni!"

Mama Dorca alishachukua jembe. Aloo alichukua panga, akakimbia.

Alikimbia kwenye njia ya mto, nyasi zikimchapa miguu, mvua ikianza, na mbele yake aliona mgongo wa mumewe, ule mgongo aliokuwa akiusugua kwa sabuni kila Jumamosi, ukishuka kwenye ngazi ya samaki na mguu mdogo wa Aoko ukining'inia kiunoni, na alipofika aliona kimempigisha mtoto magoti mbele ya tundu la kwanza na kinamsukuma kichwa ndani, kichwa kimeingia, bega moja limeingia, bega la pili linasukumwa kwa kiganja kama mtu anavyosukuma unga kwenye chupa, na mtoto halii tena, na mdomo wa Oyugi umefunguka kuliko mdomo wa mtu unavyoweza kufunguka, umewekwa mgongoni kwa mtoto, na kitu cheupe laini, kama kamba ya mayai, kinaanza kutoka.

Alipiga panga shingoni kwa nguvu zote. Panga lilipita kama kwenye uji. Nyama ikafunguka, ikafunga. Akapiga tena. Ikafunguka, ikafunga. Kitu kilimpiga kwa nyuma ya mkono bila kugeuka, na mbavu zake mbili zikavunjika, naye akagonga zege, akainuka, akapiga, akapiga, akipiga yowe la jina la mumewe kila pigo, kwa sababu hakujua jina lingine la kuita.

Kule nyumbani, wakati huo huo, jembe la Mama Dorca liligonga kitu kigumu. Alishuka kaburini, akalikumbatia yago na sanda yake, akalitoa juu, akalipasua kwa jembe vipande viwili, akasema, "Oyugi, wewe si maiti. Wewe unatafutwa."

Pigo lililofuata la Aloo lilikata.

Lilikata mpaka mfupa, na kitu kikalia, si kwa sauti ya mtu. Akapiga tena, na mkono wa kushoto ukakatika chini ya kiwiko, ukaanguka ukipapatika kwenye kidato. Aloo alikata wa kulia kwenye kifundo. Akatupa panga, akamshika Aoko miguu, akamvuta, bega, bega, masikio yakichubuka, kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa wa buluu. Aloo alimpulizia mdomoni mpaka akakohoa, na hicho kikohozi kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote.

Lakini kitu kilikuwa kikiinuka kwa viwiko. Hakikuwa na viganja, na bado kilikuwa kikija, tumbo mbele, mdomo wazi. Na hapo Aloo akaelewa kwamba hata akikikata vipande mia, vipande mia vitamjia, kwa maana hakikumtaka yeye wala mtoto. Kilitaka kupita.

Alimfunga Aoko mgongoni, akapanda juu ya ukuta. Usukani wa lango la chini ulikuwa na kutu ya miaka mitatu. Alichomeka bomba la chuma, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote na wa mtoto. Mbavu zilimchoma. Usukani haukusogea. Nyuma yake viwiko viligonga zege, ko, ko, ko. Mama Dorca alitokea kwenye kingo akiwa na udongo wa kaburi mpaka kifuani, akapanda, akashika bomba, wanawake wawili wakaning'inia, na chuma kikalia, na vyuma vya ndani vikavunjika, na lango likaruka juu.

Mto ulitapika. Maji meusi mazito yalitoka chini ya ukuta na mngurumo, miti iliyooza, matope, harufu iliyowaangusha ndege. Kitu kilisimama ukingoni, kikatazama. Kikajirusha. Aloo aliona kikiingia mdomoni mwa lango, kikienda juu, dhidi ya maji, kikijipinda kama samaki, na nyuma yake ningu waliobaki wakiinuka kama moshi, mamia, wakipita nacho. Na katika mdomo huo huo wa lango, akishuka kinyume chao, taratibu, uso juu, alikuja mtu mwingine. Alikuwa amevaa shati lile lile. Alikuwa amekufa wiki tano. Wawili hao walipishana kama watu kwenye mlango mwembamba, na aliyekufa akawekwa mchangani chini ya ukuta, mamake akashuka akamfikia.

"Huyu ndiye," Mama Dorca akasema, akakaa chini, akamweka kichwa mapajani. "Karibu, mwanangu. Umechelewa."

*

Walimzika Oyugi mwenyewe, karibu na maji, kama inavyotakiwa kwa aliyezama. Polisi walikuja kutoka Sondu, wakaandika kuzama. Ondiek aliishi. Adongo alikatwa mkono hospitalini.

Usukani uliovunjika ulihitaji kifaa cha kuagizwa mbali, kwa hiyo lango lilikaa wazi majuma matano, na kwa majuma hayo mto ulipona mbele ya macho yao. Mawe yalitoa vichwa. Harufu iliondoka. Ningu walipanda makundi kwa makundi, hakuna aliyewagusa, na jioni watoto walihesabu migongo yao. Aloo alianza kulala.

Adongo alimtembelea siku moja, mkono mmoja wa kanzu umefungwa fundo.

"Min Aoko, wale samaki wamepanda kufanya nini?"

"Kutaga."

"Na wakishataga?"

"Wanarudi ziwani. Na watoto wao."

"Basi waambie wenye lango waliache wazi. Kilichopanda na tumbo limejaa kitashuka. Na hakitashuka peke yake."

Aloo aliwaambia. Alikwenda mpaka ofisini, yeye ambaye hakuwahi kusema mbele za watu, akasimama na kusema yote. Walimsikiliza vizuri. Walimpa soda. Alhamisi kifaa kilifika, na mafundi wakashusha lango, wakalifunga mnyororo na kufuli mbili, kwa kuwa mpunga ulikuwa umeanza kukauka.

Jumapili kabla ya jua kutoka, mvua ikinyesha, Aloo alitoka kuwasha moto. Alitazama kule ukutani, kulikokuwa na mwanga hafifu, akaona uso wa zege, ule wa upande wa nyumbani, umejaa alama za maji. Alidhani ni mvua. Akashuka mpaka ukutani. Zilikuwa alama za viganja. Viganja vidogo, mamia, vya mtoto wa miaka mitatu hivi, vimeanzia juu ya ukuta vikashuka, vikafika kwenye nyasi, vikawa nyayo, na nyayo zilikuwa zimeshika njia ya kijiji. Kwenye lango la kila boma, jozi moja iliacha kundi ikageuka ndani.

Alirudi mbio, akaruka kizingiti, akamkumbatia Aoko kitandani, mzima, wa joto, akipumua. Hapo ndipo aliposikia kilio. Kilikuwa cha mtoto mdogo aliyelowa, nje ya mlango wa Ondiek, kikisema, "Mama, baridi. Nishike mkono." Kisha kingine kwa jirani wa pili. Kisha kote, boma hadi boma, mpaka kilima kizima kinalia.

"Msifungue!" Aloo akapiga yowe dirishani. "Jamani, msifungue! Msiwashike mkono!"

Lakini mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati, na ni mama gani anayemsikia mtoto akilia nje kwenye mvua, asinyanyuke? Alisikia komeo la kwanza likivutwa. Alisikia la pili. Kisha yakavutwa mengi, haraka haraka, na sauti za wanawake, zenye usingizi na huruma, zikisema kila mahali neno moja:

"Ingia. Ingia, nyathina, ingia."